Baka Lisilopona: Limfoma ya Ngozi, Mishipa ya Damu na Hatua za Kuchukua Ukiwa Ihumwa

Mkazi wa Ihumwa, Dodoma, akitokwa na baka mwilini, kwa kawaida huanzia duka la dawa. Hupewa dawa ya fangasi. Baka likigoma, hupewa tyubu nyingine yenye steroidi. Likififia kisha likarudi, kila mtu huwa na maelezo yake: ni saruji ya kwenye ujenzi wa Mtumba, ni vumbi, ni maji ya chumvi ya kisima, ni sabuni mpya.

Mara nyingi maelezo hayo huwa na ukweli. Mabaka mengi ni choa, ukurutu au mzio, na hupona. Lakini yapo machache ambayo hayaponi kwa sababu si ugonjwa wa juu ya ngozi. Ni saratani ya chembe nyeupe za damu zilizoweka makao ndani ya ngozi, yaani limfoma ya ngozi. Ni ugonjwa wa nadra, na habari njema ni kwamba aina yake kubwa hutembea polepole sana. Habari mbaya ni kwamba mwendo huo wa polepole ndio unaowafanya watu wapoteze miaka. Takwimu zilizokusanywa na vituo vya kimataifa zinaonyesha kuwa kutoka baka la kwanza hadi ugonjwa kutambuliwa, hupita kiasi cha miaka 3.

Makala hii inaeleza ugonjwa huo ni nini, kwa nini watafiti wanahesabu vijishipa vya damu ndani ya ngozi ya mgonjwa, na mtu wa Ihumwa, Hombolo, Kikombo au Mtumba afanye nini akiwa na baka lisilosikia dawa.

Limfoma ya ngozi ni nini

Miongoni mwa walinzi wa mwili wetu zimo chembe nyeupe za damu zinazoitwa seli T. Baadhi yake kazi yake ni kulinda ngozi. Seli hizo zikiharibika na kuanza kuzaliana bila mpangilio, hujikusanya kwenye ngozi na kuleta mabaka. Aina inayoonekana zaidi inaitwa mikosisi fungoidesi, nayo peke yake hufikia karibu nusu ya limfoma zote za ngozi. Daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert aliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1806.

Ugonjwa huu si fangasi, hauambukizi kwa kugusana, kulala pamoja wala kushirikiana nguo. Haurithiwi kwa kawaida kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Mgonjwa hana sababu ya kutengwa, wala hakuna jirani wa kulaumiwa.

Dalili zake kwenye ngozi nyeusi

Picha nyingi za vitabuni zinaonyesha mabaka mekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwetu mambo ni tofauti. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi vizuri. Baka linaweza kuwa jeusi kuliko ngozi iliyolizunguka, la rangi ya kijivu au zambarau, au likawa jeupe-jeupe. Aina hii yenye mabaka yaliyopauka huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, wakiwamo watoto na vijana, na ndiyo inayodhaniwa kuwa mbalanga, mba au ukoma.

Angalia mambo haya:

- Mahali. Mabaka hupenda sehemu zinazofunikwa na nguo: makalio, nyonga, mapaja, matiti, kiuno, upande wa ndani wa mikono. Ukurutu wa saruji huanzia viganjani na mikononi, pale saruji inapogusa.
- Muda. Baka la choa husikia dawa ya fangasi ndani ya wiki chache. Baka la limfoma hukaa miezi na miaka, hufifia, hurudi, na mengine huongezeka.
- Sura. Ngozi inaweza kuwa nyembamba yenye vikunyanzi vidogo, au yenye magamba laini. Baadaye baka huinuka na kuwa gumu ukiligusa.
- Muwasho. Wengine huwashwa hadi kukosa usingizi, wengine hawasikii chochote.
- Hisia. Chukua pamba, funga macho, mwambie ndugu yako aguse baka kisha aguse ngozi nzima. Baka la ukoma mara nyingi hupoteza hisia. Baka la limfoma kwa kawaida huhisi kama kawaida.

Jambo hili la mwisho lina uzito wake hapa Dodoma, ambako Hombolo imehudumia wagonjwa wa ukoma kwa miaka mingi. Usipohisi pamba, nenda kituo cha afya mapema. Dawa za ukoma hutolewa bure nchini na zinaponyesha. Ukihisi pamba lakini baka halitoki, bado nenda, kwa sababu ukoma sio jibu pekee linalotafutwa.

Ngazi za ugonjwa

Madaktari huanza kwa kupima ni sehemu gani ya ngozi iliyoshikwa. Kipimo chake unacho mwenyewe: kiganja chako pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya ngozi ya mwili wako.

Ngazi ya kwanza ni mabaka yaliyochukua chini ya asilimia 10, yaani pungufu ya viganja 10. Ya pili ni asilimia 10 na kuendelea. Ya tatu ni pale uvimbe wa sentimita 1 au zaidi unapojitokeza. Ya nne ni pale karibu ngozi yote, asilimia 80 au zaidi, inapobadilika rangi, kuwasha na kubanduka. Pamoja na hayo, daktari hupapasa tezi za shingoni, kwapani na kwenye kinena, na hupima damu ili kujua kama seli zilizoharibika zimeingia humo.

Mgonjwa wa ngazi ya kwanza, mwenye mabaka bapa tu, kwa kawaida huishi umri sawa na wenzake wasio na ugonjwa huu. Katika miaka 10, takriban mgonjwa 1 kati ya 10 wa kundi hilo ndiye ambaye ugonjwa wake hupanda ngazi. Uvimbe ukishatokea, hali hubadilika, matibabu huwa makali zaidi na matokeo hayatabiriki vizuri.

Hapo ndipo linapokuja swali linalowashughulisha watafiti: ni nini kinachofanya ugonjwa uliotulia kwa miaka 15 kwa mtu mmoja upande ngazi ndani ya miaka 2 kwa mwingine?

Mishipa ya damu inaingiaje hapa

Mwaka 1971 daktari wa upasuaji wa Boston, Judah Folkman, alitoa hoja ambayo mwanzoni wengi hawakuikubali: uvimbe wa saratani hauwezi kuzidi ukubwa wa milimita 1 au 2 bila kujipatia mishipa mipya ya damu. Seli zinahitaji oksijeni na chakula, na vyote hivyo huletwa na damu. Tazama Mtumba jinsi mji ulivyokua: barabara na mabomba ya maji yalipofika, majengo yakafuata. Uvimbe nao hausogei mbele kabla njia zake za kuuhudumia hazijachimbwa.

Seli za saratani huchimba njia hizo kwa kutoa ujumbe wa kikemikali. Ujumbe unaojulikana zaidi ni protini iitwayo VEGF, ambayo Napoleone Ferrara na wenzake waliitenga mwaka 1989. Seli zikikosa oksijeni huitoa kwa wingi. VEGF huufikia mshipa mdogo wa jirani, seli zinazoutandika mshipa huo kwa ndani huanza kugawanyika, na tawi jipya huota kuelekea kwenye uvimbe.

Katika limfoma ya ngozi, mwanzoni seli mbaya ni chache na hukaa karibu na tabaka la juu la ngozi. Zinatosheka na mishipa iliyopo. Baka linapoinuka na kuwa gumu, seli zimeongezeka na kuteremka chini zaidi. Uvimbe unapotokea, seli zimejaza tabaka la kati la ngozi na zinahitaji damu nyingi. Watafiti waliohesabu vijishipa kwenye vinyama, yaani vipande vidogo vya ngozi vilivyokatwa ili vipimwe, vya wagonjwa wa ngazi mbalimbali wamekuta kwa jumla kwamba vijishipa ni vingi zaidi kwenye uvimbe kuliko kwenye mabaka bapa, na kwamba VEGF nayo huongezeka. Mishipa hiyo haileti chakula tu. Ni njia pia ya seli kutokea, kuelekea kwenye damu na kwenye tezi.

Vinahesabiwaje

Baada ya kinyama kukatwa, hutiwa kwenye formalini ili kisioze, kisha hugandishwa ndani ya nta. Fundi wa maabara hukikata vipande vyembamba mno, vya mikroni 4 hivi, na kuvibandika kwenye kioo. Kwa macho, mshipa mdogo ni vigumu kuutofautisha na vitu vingine, kwa hiyo kioo hupakwa kingamwili inayoshika protini za seli zinazotandika mishipa. Mbili zinazotumika sana huitwa CD31 na CD34. Pale zinaposhika, rangi ya kahawia hutokea, na kila kijishipa huonekana kama pete au mstari mdogo.

Mtaalamu wa patholojia hutazama kwanza kwa ukuzaji mdogo wa darubini, atafute eneo lenye mishipa mingi kuliko mengine. Kisha hukuza zaidi na kuhesabu pete moja moja. Idadi hiyo ndiyo huitwa msongamano wa vijishipa. Kingamwili nyingine, D2-40, huonyesha mishipa ya limfu badala ya mishipa ya damu. VEGF yenyewe huweza kupimwa kwenye kinyama au kwenye damu.

Majibu hayo yana maana gani kwako

Hapa naomba msomaji awe makini, kwa sababu elimu nusu inaweza kumgharimu mgonjwa fedha na muda.

Kuhesabu vijishipa hakutambui limfoma. Ukurutu nao huongeza mishipa. Pumu ya ngozi vilevile. Kidonda kinachopona huotesha mishipa mipya, na ngozi iliyokunwa kila usiku hufanya hivyo hivyo. Isitoshe, maabara za dunia hazijakubaliana namba ambayo juu yake ugonjwa utaitwa hatari na chini yake utaitwa salama, na tafiti nyingi zimefanyika kwa wagonjwa wachache. Ndiyo maana mpaka leo ngazi ya ugonjwa hupangwa kwa ngozi, tezi, viungo vya ndani na damu. Vijishipa havimo kwenye hesabu hiyo.

Ukiona CD31 au CD34 kwenye majibu yako, usishtuke wala usitafsiri peke yako. Mara nyingi huwa zimepimwa kutafuta ugonjwa mwingine, sarkoma ya Kaposi, ambayo Afrika Mashariki tunaifahamu zaidi kuliko limfoma ya ngozi. Kaposi ni uvimbe wa seli za mishipa yenyewe. Husababishwa na kirusi cha HHV-8 kilichogunduliwa mwaka 1994, huwapata zaidi watu wenye VVU ambao kinga yao imeshuka, na huleta vinundu vya zambarau au vyeusi miguuni, usoni na mdomoni. Kwa mwenye VVU, matibabu yake huanza na ARV, na wengine huongezewa dawa za saratani. Rangi ile ile ya maabara, basi, inaweza kuwa na maana mbili tofauti, na anayejua tofauti ni mtaalamu aliyekishika kioo.

Dawa za kuzuia mishipa isiote zipo kwa saratani nyingine. Bevacizumab, inayoifunga VEGF, iliruhusiwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Kwa limfoma ya ngozi hakuna dawa ya namna hiyo ambayo imekuwa tiba ya kawaida. Mtu akikuuzia unga, mizizi au vidonge vya "kukata damu ya uvimbe", mkatalie.

Faida ya elimu hii kwako ni moja, nayo ni kubwa: inakuonyesha kwa nini baka bapa linapoanza kuinuka, si jambo la kusubiri kliniki ya mwezi ujao. Kuinuka kwake kunaonyesha kuwa seli zimeongezeka na zimeshuka chini. Katika hatua hiyo kurudi hospitali wiki hiyo hiyo kunaokoa mengi.

Kinyama ndicho kitakachosema

Hakuna krimu, kipimo cha damu cha kawaida wala picha ya simu inayoweza kuthibitisha limfoma ya ngozi. Ni kinyama.

Utachomwa sindano ya ganzi pembeni ya baka. Itauma kwa sekunde chache. Daktari atatumia kifaa cha duara chenye upana wa milimita 4 hadi 6, atakizungusha hadi kishuke chini ya ngozi, atoe kinyama kidogo, ashone nyuzi moja au mbili. Unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Saratani haisambai kwa sababu ya kukatwa kinyama. Hofu hiyo imewachelewesha wengi.

Ili kinyama kiseme ukweli:

1. Acha steroidi kabla ya kukatwa. Krimu za steroidi hupunguza seli kwenye baka na kulificha. Daktari huweza kukuagiza uziache kwa wiki 2 hadi 4. Mwambie kila ulichopaka, ukiwamo mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi huchanganywa na steroidi kali, na baadhi na zebaki. Hakuna daktari anayestahili kukucheka ukisema.
2. Usichanjwe chale wala kuchoma baka. Kidonda hubadilisha ngozi, hukaribisha mishipa mipya na uvimbe wa kawaida, na kumchanganya anayesoma kioo.
3. Onyesha baka la zamani na jipya. Mara nyingi huchukuliwa vinyama viwili au zaidi.
4. Kubali kurudia. Limfoma ya mwanzoni hufanana mno na ukurutu hata chini ya darubini. Jibu la kwanza likisema "ukurutu" na baka likaendelea, kinyama cha pili baada ya miezi kadhaa si uzembe wa mtu. Ndivyo ugonjwa huu unavyotambuliwa duniani kote.

Uliza pia kama kinyama chako kitapakwa rangi za kingamwili za seli T, kama CD3, CD4, CD8 na CD30. Hizo ndizo zinazosaidia kuutambua ugonjwa, na CD30 inaweza kuathiri uchaguzi wa dawa. Kama una bima, uliza mapema ipi kati ya hizo inalipiwa.

Pa kwenda

Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, ueleze muda wa baka na dawa ulizotumia, na uombe rufaa kama limepita miezi 3 bila kupona. Mjini Dodoma kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tunayoiita General, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyo upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma, iliyoanza kutoa huduma mwaka 2015. Omba kuonana na daktari bingwa wa ngozi.

Mjini Moshi, katika eneo la hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992. Kimefundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na kesi ngumu hupelekwa huko. Kwa tiba ya mionzi, wagonjwa wa kanda ya kati hupelekwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na hospitali ya Bugando iliyopo Mwanza nayo hutoa huduma hiyo. Treni ya SGR iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024 imeipunguza sana adha ya kwenda Dar es Salaam kwa mgonjwa anayewashwa mwili mzima. Kata tiketi mapema, na beba nakala ya majibu ya patholojia. Ukiweza, uliza maabara namba ya kinyama chako, kwa sababu kipande cha nta hutunzwa na kinaweza kusomwa tena bila wewe kukatwa upya.

Matibabu yakoje

Kwa mabaka machache, daktari huanza na steroidi kali za kupaka, safari hii kwa mpango na usimamizi. Mabaka yakiwa mengi, mwanga maalumu wa UVB au PUVA husaidia, mara nyingi vikao 2 hadi 3 kwa wiki kwa miezi. Jua la Dodoma haliwezi kuchukua nafasi yake: mwanga wa hospitali una urefu wa mawimbi na dozi vilivyopimwa, na kujianika nje kutakuunguza.

Methotrexate kwa kipimo kidogo hutumika pia. Dawa hiyo hunywewa mara moja kwa wiki. Kuinywa kila siku kwa makosa kumewahi kuua watu. Chagua siku, iandike kwenye boksi, na mwambie mtu wa nyumbani. Mjamzito au anayetarajia kushika mimba asiitumie.

Uvimbe husikia sana mionzi, hata ya kipimo kidogo. Ugonjwa ulioenea huhitaji dawa za saratani za kuchomwa kwenye mshipa au za vidonge. Lengo katika ngazi za mwanzo ni kuutuliza ugonjwa, ngozi ipone muwasho na mtu aendelee na kazi zake. Unaweza kurudi, na ukirudi hutibiwa tena. Kuhudhuria kliniki ni sehemu ya tiba hata wakati ngozi ni safi.

Daftari la ngozi

Mara moja kila mwezi, asubuhi yenye mwanga mzuri, jikague mwili mzima kwa msaada wa mwenza au ndugu. Piga picha ya baka lile lile kwa umbali ule ule, weka sarafu pembeni ili ukubwa uonekane, na uandike tarehe. Hesabu viganja. Papasa baka kwa kidole: ni bapa au limeinuka? Picha za miezi 6 mfululizo zitamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Usisubiri tarehe ya kliniki ukiona:

- baka lililokuwa bapa limeinuka, limekuwa gumu au limetoa uvimbe;
- baka limechimbika kidonda, linatoa usaha au linanuka;
- ngozi karibu yote imebadilika rangi, inabanduka na unatetemeka kwa baridi;
- tezi zimevimba shingoni, kwapani au mitoki imetoka bila kidonda mguuni;
- homa, jasho la usiku au kupungua uzito bila sababu.

Kidonda kilichoingiwa na wadudu ni hatari kubwa kwa wagonjwa hawa, kwani ngozi iliyofunguka hupitisha maambukizi hadi kwenye damu. Homa pamoja na kidonda ni dharura.

Ukiombwa kushiriki utafiti

Vipimo vya mishipa ya damu vinahitaji wagonjwa wa kwetu. Tafiti nyingi zimetoka Ulaya, Marekani na Asia, na ngozi nyeusi imekuwa nyuma vitabuni. Ukiombwa kinyama chako kitumike, una haki ya kueleweshwa kwa Kiswahili, kuuliza kama utafiti una kibali cha maadili, kukataa, na kujitoa wakati wowote bila tiba yako kuguswa. Ukikubali, utawasaidia watakaougua baada yako.

Kwa sasa kazi iliyo mikononi mwako ni nyepesi kuliko hiyo. Kama una baka lililopita miezi 3, lililojaribiwa dawa mbili na kugoma, ukienda kituoni uliza maswali haya matatu: "Je, nina haja ya kukatwa kinyama? Niache krimu gani, kwa muda gani kabla ya kukatwa? Na kama jibu halitaonyesha kitu, nirudi lini?" Andika tarehe utakayopewa, na siku hiyo uende.